Jumapili ya farasi Ngong Road: Mwanao akikutajia asilimia, muulize maswali mawili

UKITOKA katikati ya jiji la Nairobi kwa Barabara ya Ngong, ukapita Dagoretti Corner kuelekea Karen, miti huanza kusongamana upande wa kushoto. Hapo, ukingoni mwa msitu wa Ngong Road, ndipo ulipo uwanja wa mbio za farasi, Ngong Racecourse. Matatu za Karen na Ngong hupita langoni, kwa hivyo huhitaji gari lako kufika.

Uwanja huu ulifunguliwa mwaka wa 1954 na unasimamiwa na Jockey Club of Kenya. Kabla ya hapo, mbio zilifanyika upande wa Kariokor na Eastleigh, na ndiyo maana hadi leo kuna Barabara ya Racecourse karibu na katikati ya jiji ambako hutaona farasi hata mmoja. Huku Ngong Road kuna nyasi, miti mikubwa ya kivuli, jukwaa la watazamaji, na katikati ya mzunguko wa mbio uwanja wa gofu.

Kwa mzazi anayetafuta mahali pa kupeleka watoto Jumapili ya mbio, hapa pana nafasi na hewa safi. Lakini pana pia madirisha ya kuwekea dau, na hilo tusilifiche. Sheria ya Kenya inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Haimkatazi kusikia, kuona wala kupiga hesabu kichwani. Na katika nchi ambayo simu ya kijana imejaa matangazo ya kubeti, ni afadhali hesabu hizo mzifanye pamoja mchana kweupe kuliko azifanye peke yake usiku chini ya blanketi.

Mkufunzi ni nani?

Nilikwenda na mpwa wangu wa miaka 16, kijana anayependa namba kuliko chakula. Kabla ya mbio ya kwanza alikuwa ameshika kijitabu cha ratiba: jina la farasi, umri, uzito atakaobeba, mpandaji, mwenye farasi na mkufunzi. Yeye alikuwa amekuja na karatasi yake pia, aliyojazia matokeo ya mbio zilizopita.

“Shangazi, huyu mkufunzi ana asilimia 25,” akaniambia. “Ameleta farasi mara 20, wakashinda mara tano. Hakuna mwingine anayemkaribia.”

Si wazo la kipuuzi. Farasi hawezi kujiandaa mwenyewe. Mkufunzi ndiye anayeamua ale nini, akimbizwe umbali gani alfajiri na apumzike lini. Ndiye anayechagua mbio ya kumwingiza, fupi au ndefu, na mara nyingi ndiye anayeamua mpandaji atakuwa nani. Farasi hubadilika na wapandaji hubadilika, lakini tabia ya zizi hudumu. Anayejua kazi yake huonekana kwenye matokeo mwaka baada ya mwaka.

Kenya ina historia ndefu ya watu hawa. Beryl Markham, aliyelelewa Njoro, anakumbukwa duniani kwa kuvuka bahari ya Atlantiki peke yake kwa ndege mwaka wa 1936, kutoka Uingereza kuelekea magharibi. Lakini kabla ya ndege alikuwa mkufunzi wa farasi, mwanamke wa kwanza kupewa leseni ya kazi hiyo nchini, na baada ya ndege akairudia kazi hiyo na kushinda mbio kubwa za Kenya. Miaka yake ya mwisho aliishi katika nyumba ndogo papa hapa kwenye uwanja wa Ngong Road, hadi alipofariki mwaka wa 1986.

Nilimpeleka kijana kwenye uwanja mdogo ambako farasi hutembezwa kabla ya mbio. Hapo ndipo unapoona kazi iliyo nyuma ya ile asilimia. Saisi anamwongoza farasi polepole, manyoya yanang’aa, masikio yako mbele. Mwingine anatoka jasho shingoni kabla hata hajakimbia na anavuta kamba. Karatasi haikuonyeshi haya.

Swali la kwanza: kati ya ngapi?

Tulikaa kwenye nyasi tukaichukua ile asilimia 25 tukaifungua. Tano kati ya 20. Nikamwambia afikirie kwamba farasi wawili kati ya wale watano wangetanguliwa kwa pua tu kwenye mstari. Pua! Mkufunzi angekuwa na ushindi wa tatu kati ya 20, yaani asilimia 15. Na kama farasi wengine wawili walioshindwa kwa pua wangeshinda, angekuwa na saba, yaani asilimia 35. Mkufunzi ni yule yule, zizi ni lile lile, na chakula hakijabadilika.

Sasa mchukue mkufunzi mwenye ushindi wa 50 kati ya 200. Hiyo nayo ni asilimia 25. Ukimwondolea ushindi wa pua mara mbili, anabaki na 48, sawa na asilimia 24. Hajatikisika. Asilimia mbili zinaweza kufanana kwenye karatasi, moja ikasimama kwenye mwamba na nyingine kwenye mchanga.

Wapenzi wa takwimu huenda mbali zaidi. Hutaka kujua mkufunzi hufanyaje farasi wake anaporudi baada ya mapumziko marefu, anapokimbia kwa mara ya kwanza, kwenye mbio fupi au ndefu, au anapopandwa na mpandaji fulani. Maswali hayo ni mazuri, kwa sababu wakufunzi hawafanani. Kuna anayemleta farasi akiwa tayari kabisa siku ya kwanza, na kuna anayeitumia mbio ya kwanza kumnyoosha misuli akilenga ya tatu.

Tatizo ni kwamba kila unapoongeza swali, namba inapungua. Mpwa wangu alianza na mara 20. Akachagua mbio ndefu pekee, zikabaki sita. Akachagua mpandaji mmoja, zikabaki mbili. Moja ilikuwa ushindi. “Asilimia 50!” akasema, kisha akaikodolea macho karatasi yake na kuanza kucheka. Alikuwa amepata namba kubwa kuliko zote kwa kutumia ushahidi mdogo kuliko wote.

Kuna jingine la kuangalia. Zizi kubwa linaweza kuingiza farasi watatu katika mbio moja ya farasi sita. Hata likishinda, wawili wake lazima washindwe. Asilimia ya mkufunzi inashuka siku ambayo ameshinda. Mwenye zizi dogo anayemleta farasi mmoja mmoja anaweza kuonekana bora kwenye karatasi ilhali hajamzidi mwenzake.

Swali la pili: kwa bei gani?

Hapa ndipo wengi huteleza, wakiwemo watu wazima. Tufanye hesabu ya kubuni, ambayo mtoto wa darasa la sita anaiweza.

Mkufunzi wetu ameleta farasi 20. Mtu ameweka shilingi 100 kwa kila mmoja, jumla shilingi 2,000. Watano wameshinda. Kwa kuwa mkufunzi huyu anajulikana na kila mtu anamkimbilia, kila ushindi umelipa shilingi 250 tu, dau lenyewe likiwemo. Mara tano ni shilingi 1,250. Mtu huyo amemfuata mkufunzi bora uwanjani na amepoteza shilingi 750. Ili arudishe pesa zake tu, kila ushindi ungepaswa kulipa shilingi 400.

Kwa nini malipo yanakuwa madogo? Katika dau la pamoja, pesa za wote huwekwa chungu kimoja, sehemu fulani hukatwa, kisha kinachobaki hugawanywa kwa waliomchagua mshindi. Tuseme watu kumi wameweka shilingi 100 kila mmoja, zikawa 1,000, zikakatwa 200. Zimebaki 800. Kama wanne walimchagua mshindi, kila mmoja anapata 200. Kama wanane walimchagua, kila mmoja anapata 100, yaani pesa yake mwenyewe aliyokuja nayo. Ameshinda, ameshangilia, na hajapata hata nauli ya kurudi nyumbani.

Mpokeaji dau anayetangaza bei yake mwenyewe naye anaujua umaarufu wa mkufunzi. Akiona jina kubwa, anapunguza bei. Kwa hiyo ile asilimia 25 aliyoigundua mpwa wangu kwa jasho la wiki nzima ilikuwa tayari imo ndani ya bei kabla hajafika langoni.

Uzoefu wa nchi zenye mbio nyingi unaonyesha hivyo hivyo. Uingereza na Marekani, farasi anayependelewa zaidi na wachezaji hushinda takriban mara moja katika kila mbio tatu. Umati si mjinga, unajua kuchagua. Lakini anayemfuata farasi huyo kila mara hutoka na pesa pungufu, kwa kuwa bei yake ni ndogo na makato hayamsahau.

“Lakini kuna waliotajirika”

Kijana wako akiwa mwerevu, atakuletea hoja hii, kama nilivyoletewa mimi. Na ni kweli. Mmarekani Bill Benter alikwenda Hong Kong miaka ya 1980 na akajipatia utajiri mkubwa kwa kutumia kompyuta kukadiria nafasi ya kila farasi. Mwaka wa 1994 alichapisha maelezo ya njia yake.

Msomeshe kijana sehemu ambayo matangazo ya kubeti hayaitaji. Benter hakutegemea asilimia ya mkufunzi pekee. Alipima mambo mengi kwa pamoja, akatumia kumbukumbu za mamia ya mbio, na bado akaona makadirio yake yanakuwa bora zaidi akiyachanganya na bei zilizowekwa na umati. Yaani hata mtu mwenye kompyuta na wasaidizi aliukubali ujuzi wa wengine, kisha akatafuta tofauti ndogo pale bei ilipokosea. Na alifanya hivyo Hong Kong, ambako pesa nyingi sana huwekwa katika kila mbio na kumbukumbu ni kamili. Kijana mwenye karatasi ya mara 20 hafanyi kazi hiyo. Anabahatisha kwa lugha ya hesabu.

Mkienda na watoto

Nendeni mapema, kabla umati haujawa mkubwa. Bebeni kofia na maji, kwani jua la Nairobi saa saba mchana halina huruma. Wadogo washikeni mkono mkiwa karibu na farasi, na wafundisheni wasisimame nyuma yake wala wasipige kelele anapopita.

Kaeni karibu na ule uwanja mdogo wa kutembezea. Mpe kila mtoto kalamu na daftari. Kabla ya kila mbio, aandike farasi aliyemchagua na sababu yake: mkufunzi, mpandaji, uzito, au hata rangi ya shati la mpandaji. Aandike pia bei iliyotangazwa. Hakuna anayeweka pesa. Baada ya mbio, aandike nani ameshinda na amelipa kiasi gani.

Wakubwa kidogo wape kazi ya kujifanya wameweka shilingi 100 kwenye kila chaguo lao, kisha wajumlishe jioni. Tulifanya hivyo, na aliyeongoza familia yetu alikuwa binti wa miaka minane aliyechagua kwa rangi. Kaka yake akasema ni bahati tu. Nikamuuliza kwa nini hakusema hivyo kuhusu mkufunzi wake.

Kama una kijana ambaye tayari ameanza kubeti kwa siri, hadithi ya uwanjani haitatosha, na kumgombeza peke yake hakutatosha pia. Muombe akuonyeshe kumbukumbu zote za simu yake, alizoshinda na alizoshindwa, mzijumlishe pamoja bila matusi. Wengi huzikumbuka siku za ushindi tu. Jumla ikionekana kwenye karatasi, mazungumzo huwa marefu na ya kweli zaidi.

Mpwa wangu hakuitupa karatasi yake. Ameiongezea safu mbili, moja ya idadi na nyingine ya malipo, na amesema hatatoa hukumu juu ya mkufunzi yeyote hadi afikishe mbio 200. Kwa mwendo wa Jumapili zetu, atakuwa amemaliza shule.