Kelele za Nyumba Yangu

Kwa muda wa miaka miwili nilimwambia baba kwamba redio yake imechakaa. Nilisema kwa upole, kama tusemavyo na wazee wetu, lakini nilisema. Ujanani baba alikuwa mpiga simu ya upepo melini, na ingawa tangu Februari 1999 meli hazitegemei tena Morse kuomba msaada, wapenzi wa redio bado huzungumza kwayo usiku, karibu na megahezi 7. Hao ndio waliokuwa wenzake. Alipohamia kwangu akakuta mngurumo mtupu.

Usiku mmoja umeme ulikatika. Redio yake ya betri ikanyamaza ghafla kama mtoto aliyebembelezwa, kisha Morse ikasikika, safi kabisa. Baba hakusema kitu, alinitazama tu. Kumbe mngurumo ulikuwa wa taa zangu za LED na chaja zetu za simu!

Basi nikaamua kuupeleka mtambo wa kupokelea mbali na nyumba. Nilinunua kile kipande kidogo kilichotengenezwa kwa ajili ya televisheni, ambacho tangu mwaka 2012 watu wengi wamekigeuza redio, nikachagua toleo linaloshika masafa mafupi. Nilikifunga pamoja na kompyuta ndogo ndani ya ndoo yenye kifuniko, chini ya mwembe, hatua arobaini kutoka ukutani, kwa betri ya pikipiki, maana chaja ingeturudisha kulekule. Waya wa antena ukapanda mtini. Mawasiliano na nyumba yakawa kwa waifai.

Siku ya kwanza sauti ilikatika-katika. Msomaji anaweza kudhani hilo ni jambo dogo, lakini katika Morse mstari ukikatika katikati huwa nukta mbili, na T hugeuka I. Baba alikuwa akisoma upuuzi. Nilikuja kuelewa kwamba kifaa kile hakitumi sauti, bali hutuma mawimbi yenyewe yakiwa tarakimu, na kazi ya kuchagua stesheni hufanywa na programu huku ndani. Kwa sampuli milioni 2.4 kila sekunde, hizo ni megabiti zaidi ya 38, mzigo ambao waifai yangu dhaifu, ikipenya kuta mbili, haikuuweza. Nikapunguza hadi sampuli 250,000, yaani megabiti 4. Pakatulia.

Baba alilalamika kwamba hakuna cha kuzungusha. Nikampa kipanya, nikamwonyesha kigurudumu chake. Akazungusha polepole, akasimama mahali. Kidole chake kikaanza kugonga meza.

"Huyu," akasema baada ya kitambo, "mkono wake mzuri."

Kisha akaniomba nizime taa ya barazani. Haikuwa na haja tena, mtambo ulikuwa mbali. Nikaizima.