Chura Wetu Aliyekataa Kula

Mvua zilipojaza madimbwi huku kwetu Kingi, watoto wetu walileta nyumbani chura mnono wa rangi ya udongo. Wakamtia katika bidoni iliyokatwa, wakamwita Mzee, kwa jinsi alivyokaa kimya na tumbo lake.

Siku tano Mzee hakuonja kitu. Walimpa wali, akanyamaza. Wakampa sombe, hata kipande cha jibini, na ninyi wasomaji wa Masisi mwajua kwamba jibini si kitu cha kutupwa ovyo. Chura akafumba macho tu. Mtoto wetu mdogo akaanza kulia usiku, na wakati wa Rozari akaomba fumbo moja liwe kwa ajili ya chura. Tulicheka kidogo, kisha tukakubali.

Kesho yake tulimwendea mwalimu mmoja wa sayansi. Aliuliza: mnamlisha nini, maji mnateka wapi, usiku analala wapi? Tulipokuwa tukijibu, aibu ikatushika. Kumbe chura hutambua chakula kinachotikisika. Jibini mbele yake ni kama jiwe. Tena hanywi kwa kinywa, maji huingia kwa ngozi. Nasi tulimtia katika maji yetu ya kunywa, yenye dawa ya kuzuia kipindupindu! Kisha, kwa kuwa usiku wa milimani ni baridi, tulimlaza karibu na mbabula, ngozi ikakauka. Mapenzi yetu yalikuwa yakimwua.

Mwalimu alituonya jambo jingine. Kuna kuvu inayoshambulia ngozi ya vyura, na aliyeipata huweza kuacha kula. Akatusimulia habari za vyura wadogo wa maporomoko ya Kihansi, Tanzania. Mwaka 2000 maji yalipogeuzwa kwa ajili ya umeme, karibu 500 walipelekwa Marekani kutunzwa. Waliobaki bondeni walikwisha upesi tangu mwaka 2003, na kuvu hiyo ilionekana kwao. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hawapo tena porini. Mwaka 2012 wazao wa wale waliotunzwa ugenini wakaanza kurudishwa Kihansi.

Basi tulimwekea Mzee maji ya mvua na majani mabichi, mahali penye kivuli. Jioni ya pili mtoto akamwangushia nyungunyungu hai. Chura hakusogea. Nyungunyungu akajipinda mara moja, na mara hakuwapo! Watoto walipiga kelele hata jirani akaja kuuliza kama tumepata mgeni.

Mdogo alitaka abaki nasi daima. Hapo tulishindana naye sana kuliko siku za njaa. Tulingoja juma moja, tukitazama ngozi yake kila asubuhi, maana hatukutaka kuwapelekea wenzake ugonjwa. Alikula vizuri, ngozi ikang'aa. Tukamrudisha katika dimbwi lile lile alikotolewa, wala si jingine.

“Atatukumbuka?” mtoto akauliza.

Hatukuwa na jibu. Mzee aliruka mara moja, maji yakatulia, na mtoto akasimama pale mpaka mvua ilipoanza.