Taa ya Oili
Mimi ni fundi wa magari tangu kwetu Uvira. Juzi dereva mmoja mwenyeji alileta pikapu, taa ya oili haizimiki. Mjini aliambiwa injini ifunguliwe yote. Akataka kuiuza gari.

Nilizima injini, nikatazama kijiti: oili imejaa. Nikachomoa waya wa swichi ya presha, nikafungua ufunguo bila kuwasha injini: taa bado inawaka! Basi waya unagusa bodi mahali fulani. Tuliukuta umechunika, tukaufunga tepu. Nikapima na presha kwa geji: nzuri.

Mwanangu akaninong'oneza, "Baba, si ungesema injini imekufa, tupate pesa?"

Nikamjibu, "Tulipofika hapa, wenyeji walitupa maji. Leo nikimwibia, kesho nitapita wapi?"