Kitabu cha Njano, Muhuri wa Kijiji

Thailand, kila nyumba ina kitabu chake. Si hati ya kiwanja wala mkataba wa pango. Ni daftari dogo la serikali, wenyewe wanaliita tabien baan, na ndani yake wameandikwa watu wanaoishi humo: jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la baba, jina la mama, uraia. Nyumba yenyewe ina namba ya tarakimu 11. Mmoja kati ya walioandikwa ni mwenye nyumba, waliobaki ni wakazi. Raia huandikwa katika kitabu cha bluu, pamoja na wageni wachache waliopewa ukaazi wa kudumu. Wageni wengine, wakitaka na wakiwa na subira, huandikwa katika kitabu cha njano.

Mimi ni Mkurya wa Tarime, Tanzania, nafanya biashara ya mawe ya vito Chanthaburi, mji wa mashariki ya Thailand usio mbali na mpaka wa Kambodia. Katika kitabu cha njano nimeandikwa mkazi. Mwenye nyumba ni mke wangu. Rafiki zangu wa Sirari wakisikia hivyo hucheka hadi wakashika mbavu: mwanamume mzima, mwenye mji, kaorodheshwa chini ya mwanamke kama mpangaji! Nawaacha wacheke. Hawajawahi kufungua akaunti ya benki katika nchi ambayo karani anataka kitabu cha nyumba kabla hajakujulia hali.

Tuliofika huku kwa njia ya mawe tulifuata nyayo za Wathai wenyewe. Miaka ya 1990 yakuti zilipofumuka Tunduru, wanunuzi wa Kithai walijaa nyumba za wageni za kule, na vijana waliozoea kuchokonoa dhahabu ya Nyamongo walishuka kusini kujaribu bahati ya jiwe. Mawe yalikuwa yakiletwa Chanthaburi kuchomwa moto ili rangi itulie, kisha yanakatwa na kuuzwa. Hata leo mwisho wa juma, Barabara ya Si Chan na vichochoro vyake hujaa meza za wanunuzi, na utasikia lugha za Afrika Magharibi, Kihindi, Kisinhala na mara mojamoja Kiswahili cha mtu anayelalamika bei.

Kuingia katika kitabu si kazi ya siku moja. Pasipoti inatafsiriwa Kithai na tafsiri inagongwa muhuri na wizara ya mambo ya nje. Unakwenda ofisi ya wilaya, amphoe, na kitabu cha bluu cha nyumba, cheti cha ndoa, mwenye nyumba akiwa kando yako, na mashahidi. Mkuu wa kijiji anaweza kuitwa aseme kama anakufahamu. Wangu aliitwa. Alikaa kitini, akaeleza kwamba huyu ndiye yule mtu mweusi anayenunua samaki asubuhi, mkewe ni mtu wa Ubon, hana ugomvi na mtu. Afisa akaandika. Wilaya nyingine hukamilisha upesi, nyingine hukuzungusha mpaka ukate tamaa, na sababu hasa hakuna. Ni hulka ya aliyekaa mezani.

Ukishaandikwa unaweza kupewa kitambulisho cha rangi ya waridi, chenye tarakimu 13 ambazo kwa watu kama mimi aghalabu huanza na 6. Raia yeyote anayejua kusoma namba hizo anakutambua papo hapo kuwa si mwenzake. Lakini pikipiki inaandikwa kwa jina langu, leseni inatoka bila kudaiwa barua mpya ya makazi kila mara, na hospitalini nina namba. Siku nyingine pia natazamwa kwa jicho laini kwenye lango la hifadhi. Pale Maporomoko ya Phlio kuna bei mbili, ya Wathai na ya wageni, na ile ya Wathai wameiandika kwa tarakimu za Kithai ili mgeni asijue ni kiasi gani. Ujanja huo niliufurahia nilipojifunza kuzisoma.

Kisichopatikana kwa kitabu hicho ni kingi zaidi. Ardhi si yangu na haiwezi kuwa yangu. Haki ya kukaa nchini haimo: viza huombwa upya kila mwaka, na kila siku 90 lazima niwaarifu watu wa uhamiaji kwamba bado naishi pale pale. Kitabu kinakiri jambo moja tu, kwamba mtu huyu analala hapa na watu wa hapa wanamjua. Miaka ya mwanzo niliona ni kidogo mno. Kadiri ninavyorudi Tarime ndivyo ninavyoona kuwa hicho kidogo ndicho wengi wa kwetu wamekikosa.

Kwetu mtu huandikwa hivi. Kwanza kuna balozi wa nyumba kumi, mfumo ulioanza na TANU katika miaka ya 1960 na ambao chama tawala hakijauacha. Kuna mwenyekiti wa kitongoji. Kuna mtendaji wa kijiji, mwenye muhuri, na muhuri ule ndio mlango wa kila kitu: barua ya utambulisho, dhamana ya polisi, mkopo, shule. Fomu ya kuomba kitambulisho cha taifa nayo hupita mkononi mwake kabla ya kufika NIDA. Zamani mama wa kijijini aliweza kuzeeka bila kuuhitaji. Halafu ikaja amri ya kusajili laini za simu kwa alama za vidole, mwisho ukawa Januari 20, 2020, na ghafla kila mwenye simu ya tochi alihitaji namba ya kitambulisho hicho, yenye tarakimu 20. Bibi zetu walipanga foleni.

Katika wilaya za mpakani fomu peke yake haitoshi. Afisa wa uhamiaji naye hukaa mezani, na maswali yanarudi nyuma vizazi viwili: baba yako alizaliwa wapi, babu yako je, kaburi lake liko kijiji gani? Watu hukasirika, lakini swali hilo lina mzizi wa kisheria. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 9, 1961, kuzaliwa nchini peke yake hakukumfanya mtu raia moja kwa moja. Ilitakiwa angalau mzazi mmoja naye awe amezaliwa Tanganyika. Dodoma, mtu huulizwa hivyo akajibu bila kufikiri. Tarime, ni kama kuuliza mto umeanzia upande gani wa jiwe.

Maana mpaka ule ulichorwa 1886 na Waingereza na Wajerumani, mstari ulionyooka kutoka Ziwa Victoria kwenda Kilimanjaro, na haukuuliza mji wa nani uko wapi. Wairege, Wakira na Wanyabasi wakabaki pande zote mbili. Sirari na Isebania ni soko moja lenye bendera mbili. Ng'ombe za mahari zimevuka tangu hapo, na wake wamevuka kuzifuata upande wa pili. Mjerumani alikuwa na daftari lake la nyumba pia, alipoleta kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19. Alihesabu vibanda, hakuwauliza waliomo ukoo wao umetokea wapi. Kwa mtoza kodi hakuna mgeni.

Mama yangu mdogo, mke wa baba mdogo, ni mtu wa Ntimaru, upande wa Kenya. Aliolewa kwetu miaka ya 1970 kwa ng'ombe waliohesabiwa mchana mbele ya wazee. Sheria ya uraia inamruhusu mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania kuomba uraia (mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hana mlango huo, jambo ambalo wabunge wetu hawaonekani kukosa usingizi kwalo). Lakini nani angemweleza, na angeomba ili iweje? Alilima, akazaa, akazika mume, akawa mkubwa wa mji. Ilipokuja habari ya laini za simu ndipo alipojulishwa kuwa yeye ni mgeni. Kitambulisho cha mgeni mkazi kipo, NIDA hutoa, ila kinafuata kibali cha ukaazi, na vibali vimegawanywa madaraja: A ya wawekezaji, B ya waajiriwa, C ya wanafunzi, watafiti, wamisionari na wa namna hiyo. Ajuza mwenye shamba la mihogo hajajiona humo. Anatumia laini ya mwanawe.

Mke wangu tulipokuja naye kukaa miezi kadhaa, yeye Mthai, njia yake ilikuwa nyepesi kuliko ya mama mdogo. Ana pasipoti, ana viza, na angetaka kubaki angeomba pasi ya mtegemezi kwa sababu mimi ni raia. Kwa mtendaji alikaribishwa soda. Kwenye lango la Ikoma tulipokwenda kuona wanyama, mimi nililipa kwa shilingi kama Mwafrika Mashariki na yeye kwa dola kama mgeni. Alinitazama, tukacheka, maana deni la Phlio lilikuwa limelipwa. Ungeona pia walivyomshangaa kwenye kichuri. Watu wa Mara tunajivunia supu ile ya uchungu inayotoka tumboni mwa ng'ombe au mbuzi, na tunapenda kuona mgeni akikunja uso. Yeye akaonja, akaongeza. Watu wa Isan, kwao kaskazini mashariki ya Thailand iliko Ubon, nao hukamua uchungu huo huo wakautia kwenye nyama. Kuanzia siku ile mama hakumwita mgeni tena.

Kwa mila zetu, kuandikwa maana yake ni kupewa nyumba. Mji wa Kikurya unahesabika kwa nyumba za wanawake: watoto ni wa nyumba ya mama fulani, ng'ombe ni wa nyumba ya fulani, urithi unapita humo. Ndiyo maana ikapatikana nyumba ntobhu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anamtolea mahari mwanamke mwingine ili nyumba yake isife. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua mwanamume na mwanamke tu, hivyo fomu hazina nafasi ya jambo hilo, na watoto wanaozaliwa humo huandikiwa baba yeyote anayefaa karatasi. Sisifu kila kinachotendeka katika nyumba hizo. Wapo wasichana walioingizwa humo kwa umaskini wa baba zao. Ninachosema ni kwamba ukoo una kitabu chake, cha serikali ni kingine, na havisomani.

Basi nimekuwa nikisema, na wakubwa wawili watatu wa kwetu wamenisikiliza kwa heshima ya mtu aliyetoka mbali, kwamba kijiji cha mpakani kiwe na kitabu chake cha njano. Daftari la wakazi wasio raia, linalosema huyu anaishi hapa tangu mwaka fulani, nyumba ya fulani, wazee hawa wanamjua. Halimpi kura wala ardhi, wala haliufuti mpaka. Jibu ninalopata ni usalama, wizi wa mifugo, na hofu kwamba jirani wa ng'ambo atajipenyeza kwenye orodha ya wapiga kura kama ile ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024. Hofu si ya bure. Lakini sasa hivi mtu wa ng'ambo aliyekwisha kuzeeka kwetu ana njia mbili tu, kudai ni raia au kujificha, na zote mbili zinamfundisha kusema uongo mbele ya muhuri. Kigoma, Kagera na Geita Uhamiaji walishaanza katikati ya miaka ya 2010 kuwasajili walowezi kwa alama za vidole. Tarime nako wapo.

Wala nisionekane nauza Thailand. Nchi hiyo imewapa watu wa milimani na wa mipakani kadi za namna nyingi kwa miongo, kisha ikawaacha wazeeke nazo bila uraia wowote. Oktoba 2024 ndipo baraza la mawaziri lilipokubali kuharakisha hadhi ya watu karibu 480,000 wa aina hiyo, baadhi yao wakiwa wamezaliwa humo humo. Kitabu cha njano kinaweza kuwa starehe kwa mfanyabiashara mwenye pasipoti na kifungo kwa asiye na nchi ya pili ya kurudi. Tukiiga, hilo tuliangalie: daftari liwe na mlango wa kutokea, miaka kadhaa ya ukaazi ikimfikisha mtu kwenye ombi la uraia.

Binti yetu ana miaka 16. Yumo katika kitabu cha bluu kwa sababu ya mama yake, na ni Mtanzania kwa sababu yangu. Tanzania inamvumilia hivyo mpaka atimize 18, baadaye lazima achague, kwa kuwa sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Badala ya uraia pacha serikali imekuja na Hadhi Maalumu kwa wageni wenye asili ya Tanzania, nami nikamweleza. Akauliza kama ndicho kitabu cha njano cha kwetu. Nikasema kinafanana, ila ni kwa waliotoka, si kwa walioingia kama bibi yake mdogo. Kwa sasa ameelemea upande wa mama yake. Anataka kusomea uuguzi chuo cha serikali na anaamini raia wana nafasi zaidi. Bibi yake mkubwa hataki kusikia kwamba mjukuu wake atalipia viza ya dola 50 kuja kumwamkia. Desemba tunakwenda wote Tarime. Watabishana wenyewe, mimi nitakuwa mkalimani.