Uso wa Diouana

Kopi ya kwanza ya La Noire de... niliipata kwenye flashi. Mwanafunzi aliyenitangulia mwaka mmoja alinigawia folda nzima ya filamu za Afrika. Naye alikuwa amegawiwa na mtu mwingine, na huyo mtu mwingine sijui alizitoa wapi. Picha ilitetemeka, sauti ilikuwa kama ya redio iliyofunikwa na mto, na tafsiri ya Kiingereza ilikuwa imeandikwa kwa herufi nyeupe humo humo kwenye picha. Niliandika pendekezo zima la utafiti wangu wa shahada ya uzamili kwa kutumia kopi hiyo, wala sikuona tatizo.

Tatizo aliliona shangazi.

Kwa ambaye hajaiona: ni filamu ya Ousmane Sembène ya mwaka 1966, ya chini kidogo ya saa moja. Diouana, msichana wa Dakar, anaajiriwa na familia ya Kifaransa kulea watoto. Baadaye wanamwita Antibes, kusini mwa Ufaransa, naye anakwenda amevaa gauni zuri na viatu vya kisigino. Akifika anakuta kazi ni kupika, kufua na kupiga deki. Bibi mwenye nyumba anamtaka avue vile viatu. Diouana haoni Ufaransa nyingine zaidi ya jiko, sebule na bafu, na ni katika bafu hilo anapojiua. Sembène alianza na habari fupi iliyotoka katika gazeti la Nice-Matin, akaiandikia hadithi, kisha hadithi akaifanya filamu. Jina lenyewe linakatikia njiani: Mweusi wa... Wa wapi? Wa nani?

Shangazi alifanya kazi za ndani Maskati kwa miaka mitatu. Mtaani kwetu Tanga hilo si jambo la ajabu; ukihesabu nyumba tano humkosi mtu aliyewahi kwenda Omani. Alirudi, akanunua cherehani, akaendelea na maisha. Ukimuuliza kulikuwaje atakuambia kulikuwa na joto. Mimi niliyekuwa naandika kurasa mia kuhusu mfanyakazi wa ndani wa kwenye filamu sikuwahi kupata sentensi tatu kutoka kwa yule wa kwetu. Likizo moja nikabeba laptopu, nikamwambia, shangazi, kuna sinema nataka tuione wote.

Tuliiona mezani, baada ya Isha. Yeye Kiingereza hakisomi, Kifaransa ndiyo kabisa, kwa hiyo nikawa namtafsiria kwa sauti, kama wale jamaa wa mabanda ya video wanaowasemea waigizaji wa Kichina kwa Kiswahili. Ikaja shida moja. Nyumba ya Antibes ni nyeupe: kuta nyeupe, mapazia meupe, bafu jeupe. Maandishi nayo meupe. Kila Diouana akisimama mbele ya ukuta, maneno yanazama. Na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hadi leo linanikera: palipozama, nilijaza mwenyewe. Nilimfanya Diouana aseme anataka kwenda kwao. Nilimfanya aseme amechoka. Nilidhani ndicho ambacho mtu wa namna ile angesema.

Ilipoisha shangazi akakaa kimya kidogo. Kisha akauliza, "Mwanangu, huyu binti uso wake ukoje? Mimi naona nywele na gauni."

Nikarudisha nyuma. Kweli. Katika kopi ile uso wa Diouana ulikuwa doa. Macho yalionekana akigeukia dirishani tu. Wale Wafaransa wawili ungeweza kuwahesabia mikunjo ya paji la uso. Yeye, ambaye filamu nzima ni yake, hakuwa na uso. Nilikuwa nimeitazama zaidi ya mara kumi.

Maelezo yake si magumu. Filamu ya zamani hupigwa kwenye negativu, ule utepe uliopita ndani ya kamera. Kutoka kwenye negativu hutolewa nakala, kutoka nakala hutolewa nakala nyingine, baadaye mkanda wa video, baadaye faili, na faili likaminywa ili liingie kwenye flashi. Kila hatua cheupe huzidi kuwa cheupe na cheusi huzidi kuwa cheusi, na vile vivuli vya katikati ndivyo hufa kwanza. Ngozi ya Mbissine Thérèse Diop, mwigizaji aliyekuwa Diouana, iko katika vivuli hivyo. Kopi mbovu haikumchukia mtu. Inakula tu kilicho gizani, na inaanza na sisi.

Nilijua kwamba toleo lililorejeshwa lipo. Kazi hiyo ilikamilika 2015 chini ya World Cinema Project ya taasisi ya Martin Scorsese, kwa ushirikiano na warithi wa Sembène, na ikafanyiwa Bologna, Italia, katika maabara ya L'Immagine Ritrovata. Diski zake zinauzwa, moja Uingereza na nyingine Marekani. Nilikuwa nimezipuuza kwa sababu ambayo nadhani wengi wenu mnayo: filamu ninayo tayari. Ya Marekani bei yake ya kawaida ni karibu dola 40, kabla ya posta na ushuru, na wakati huo kodi ya chumba changu Changanyikeni haikufika huko. Mama nilipomgusia aliniuliza swali moja tu, "Unanunua kitu ulicho nacho?" Sikuwa na jibu la kumridhisha. Hata mashine ya kuchezea Blu-ray sikuwa nayo.

Tena kuna mambo ya kanda. Waliotengeneza diski hizi waliigawa dunia mafungu. Kwenye DVD, sehemu kubwa ya Afrika iko fungu la 5, pamoja na India na Urusi. Kwenye Blu-ray tumehamishiwa fungu B, pamoja na Ulaya. Diski ya Marekani ni ya fungu A. Ukiiweka kwenye mashine ya kwetu inakutazama tu. Na jukwaa la mtandaoni nililolitegemea linahudumia Marekani na Kanada, basi. Filamu iliyotengenezwa na Msenegali, kuhusu Msenegali, ukitaka kuiona vizuri uwe kwanza na mtu Ulaya.

Rafiki yangu wa darasani, mbishi wa asili, alisema nisipoteze hela. Alinipa makala ya Hito Steyerl ya mwaka 2009 inayoitetea picha duni, ile inayosambaa bure mkono kwa mkono na kuwafikia watu ambao soko limewasahau. Alikuwa na hoja. Bila ile flashi nisingeijua filamu, wala nisingekuwa na utafiti. Akaongeza kwamba hata hizo zinazoitwa zimerejeshwa nyingine zimeharibiwa, na hilo pia ni kweli. Blu-ray ya Predator ya mwaka 2010 ilisuguliwa chembechembe za filamu mpaka Arnold Schwarzenegger akabaki na uso wa nta, na watu wakarudi kutafuta toleo la zamani. Kubadilisha diski kila zinapotoka nyingine ni ugonjwa wa wenye rafu na mishahara. Nakubali.

Ila hoja yake ilikuwa kwamba hadithi ni ile ile. Hapo ndipo nilipokataa. Diouana haongei sana kwa kinywa chake ndani ya nyumba ile. Anajibu "ndiyo" na anafanya kazi. Tunayoyasikia ni mawazo yake, tena kwa sauti ya mtu mwingine, Toto Bissainthe, msanii wa Haiti aliyemwingizia sauti. Kilicho chake mwenyewe Mbissine Thérèse Diop ni mwili na uso. Ukimwondolea uso umebakiza nini?

Mwisho tuliinunua. Nasema tuliinunua kwa sababu tulichanga watatu, na yule rafiki mbishi akiwemo. Tulichukua ile ya Uingereza kwa sababu ya fungu B, na ndani yake kuna pia Borom Sarret, filamu fupi ya Sembène ya mwaka 1963, kwa hiyo tukajiambia tumenunua mbili. Binamu yangu aliyeko London aliileta kwenye sanduku lake, katikati ya viatu vya watoto. Nilisafiri nayo hadi Tanga nikiipakata.

Mashine ilipatikana kwa kijana mwenye kibanda cha gemu mtaani. Playstation zake zimetokea Dubai, na Dubai nayo iko fungu B. Alinikodisha moja kwa saa mbili, kwa masharti kwamba niirudishe kabla wateja wake hawajatoka madrasa. Tukaichomeka kwenye televisheni ya sebuleni.

Sitaki kutia chumvi. Si kwamba malaika walishuka. Kwanza niliona vitu vidogo: madoa ya gauni lake, kitambaa cha aproni, michirizi ya kisu kwenye kile kinyago ambacho Diouana aliwapa waajiri wake kama zawadi na wao wakakitundika kwenye ukuta mtupu. Maandishi sasa yalisomeka kila mahali, kwa hiyo nikatafsiri kilichopo. Tulipofika karibu na mwisho, pale anapopanga vitu vyake kwenye sanduku, nikagundua kwamba hakuna mahali anapoomba. Ile sehemu niliyokuwa nimeijaza kwa kilio, yeye anaorodhesha moja moja mambo ambayo bibi yule hatamfanyia tena. Nikaisoma orodha hiyo kwa Kiswahili huku sauti yangu ikipungua.

Shangazi akasogeza kiti. "Simamisha hapo."

Nikasimamisha. Uso wa Diouana ulijaa kioo chote: mashavu, mdomo uliofungwa, macho.

"Kumbe ana hasira," akasema. "Ile siku uliniambia ana huzuni."

"Nilidhani, shangazi. Hapakuonekana."

"Mtu mwenye huzuni wanamwonea huruma. Mwenye hasira wanamwambia hana shukrani." Akanyamaza, akaendelea, na hizo ndizo sentensi nyingi zaidi nilizowahi kuzisikia kutoka kwake kuhusu Maskati. Mengine hayaandikiki hapa kwa sababu si yangu. Ila alisema kwamba alikuwa akiosha vyombo vya watu kumi na wawili huku amefunga mdomo namna ile ile, na kwamba nyumbani tulipompigia simu tulikuwa tunamwambia avumilie.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano wakati ule. Na mimi nilimwambia.

Tuliimalizia filamu. Nje vijana walishaanza kupiga hodi wakiulizia playstation. Wakati nakunja nyaya shangazi akaniletea simu yake ya zamani, ile ya vitufe, anayoitunza ndani ya pochi kabatini. Ina picha moja ya huko. Amesimama jikoni, vigae vyeupe nyuma yake, dirisha limewaka jua, naye ni kivuli kilichofunga mtandio.

"Hao Waitaliano wako," akasema, "na hii wanaiweza?"

Nikaitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikamweleza kwamba wale wanarudi kwenye negativu, na uso wa Diouana ulikuwa umo tangu siku walipompiga picha, ni kopi zilizokuwa zinamficha. Hii yake ilipigwa na simu ndogo dhidi ya jua. Kamera yenyewe haikumwona.

"Haya," akasema, akaichukua simu yake. "Mpelekee mtoto wa watu kitu chake, anangoja."