Kutoka Kituku hadi Kyeshero: ziwa letu na gazi yake



Mkifika Kituku saa kumi na mbili asubuhi mtakuta mitumbwi ya sambaza inarudi, mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti, na watoto wanachota maji kwa bido. Ziwa Kivu linaonekana tulivu. Lakini lina kina cha mita 485, na huko chini kumefungiwa gazi ya kaboni, ile tunayoitoa puani: kilomita za ujazo karibu 300, pamoja na metani karibu 60.

Wanafunzi wangu huuliza imefikaje. Nyingi inatoka ardhini, kwenye moto wa volkano zetu. Lakini viumbe pia wana kazi yao. Mimea midogo ya majini, isiyoonekana kwa macho, inavuta kaboni kama majani ya maharagi shambani. Ikifa inazama, inaozea kusiko na oksijeni, na vidudu vinageuza mabaki kuwa metani. Bahari nayo ina mimea hiyo. Bahari zote za dunia zinameza karibu robo ya kaboni ambayo watu wanatoa. Ila bahari hujigeuza polepole, maji ya chini yakapanda. Kivu haijigeuzi. Maji yake ya chini ni mazito kwa chumvi, yametulia kama machicha ya kasiksi.

Ziwa Nyos la Kameruni lilitoa gazi yake usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, watu wapatao 1700 wakafa. Huku kwetu, mwaka 2002 lava iliingia ziwani na gazi ya chini haikutoka. Upande wa Rwanda, tangu 2016, KivuWatt inavuta metani na kufanya umeme. Mimi naona ni kazi nzuri, mradi wapimaji wasilale.

Sasa shika njia ya Kyeshero, kuelekea Lac Vert. Hapa kaboni inatoka kwenye mawe yenyewe: ndiyo mazuku. Haina rangi, ni nzito kuliko hewa, inalala mashimoni. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita. Mbuzi, au mtoto aliyeinama kuokota kuni, anaanguka. Asubuhi bila upepo ndiyo saa mbaya. Ukiona ndege au panya wamekufa shimoni, rudi. Na mwenzako akianguka usishuke kumvuta, utalala naye. Piga kelele watu waje na kamba.

Mama aliyehamia juzi hawezi kuyajua mashimo hayo. Anayekaa jirani naye amwonyeshe wiki hii, kabla watoto hawajazoea kucheza huko.