Masurufu ya Mlimani



Sisi watu wa pwani tukitaka kusafiri, jambo la kwanza tunalolifikiri ni chakula. Mtu hatoki Tanga kwenda Pangani ila amefungiwa mkate wa kumimina na samaki wa kukaanga. Tabia hii ni njema, na ina asili katika dini yetu. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) ya kuwa walikuwako watu wa Yemen wakienda Hija bila ya masurufu, wakidai kuwa wao wanamtegemea Mungu, kisha wakifika huko huwa waombaji. Ndipo ilipoteremka aya ya 197 ya Suratul Baqara, inayotuamrisha tuchukue masurufu, na kutukumbusha kuwa masurufu yaliyo bora ni ucha Mungu. Mimi ile amri ya kwanza niliishika barabara. Hii ya pili niliisahau, mpaka nilipokumbushwa mlimani.

Mwezi wa Septemba 2019 wapwa zangu wawili na kijana wa jirani yetu, baada ya kumaliza mitihani yao, walinishika niwapeleke Kilimanjaro. Kilele chenyewe cha mita 5,895 hatukukinuia. Tulikusudia kupanda kwa njia ya Marangu mpaka kambi ya Horombo, mita 3,720, tulale, kisha turudi. Nikasema mpishi hatumtaki, tutapika wenyewe, maana nilichelea kulishwa nisichokijua. Basi nyumbani tukafunga maharage kilo tatu, mchele kilo sita, viazi, samli, nazi nane, na mbuzi ya kukunia. Naam, mbuzi ya kukunia nazi ilipelekwa Kilimanjaro!

Katika lango la Marangu pana mizani. Kanuni ya hifadhi ni kuwa mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20. Kapu letu la chakula lilipotundikwa lilifika 25. Nikaambiwa nipunguze. Nikatoa nazi na mbuzi yake, mizani ikatulia, tukaruhusiwa. Tulipokwisha ingia msituni, hapana anayetuona, nikamwita yule mpagazi, mtu wa makamo kama mimi, nikampa ule mfuko wa nazi. Nikamwambia, "Nisaidie na haka kadogo, bwana." Aliutazama mfuko, akanitazama na mimi, akaufunga juu ya kapu, akajitwika, akaenda zake.

Usiku wa kwanza tulilala Mandara, mita 2,720, tukala chapati za nyumbani. Siku ya pili alasiri tukafika Horombo, baridi inakata masikio. Nikainjika maharage juu ya jiko la mafuta ya taa, kwani kukata kuni katika hifadhi ni marufuku. Saa ya kwanza ikapita, na ya pili, na ya tatu. Maji yanatokota kwa kishindo, na maharage magumu kama kokoto. Mafuta yakaisha. Wale vijana wamejikunyata, na mimi ndiye mkubwa wao niliyesema mpishi hatumtaki.

Sababu yake niliijua baadaye, nayo ni nyepesi. Kila unapopanda juu hewa hupungua uzito wake, na maji hutokota kabla hayajawa moto sawasawa. Kwetu pwani maji hutokota kwa digrii 100. Horombo hutokota kwa 87 au 88. Na Kibo, mita 4,700 na ushei, kwa 84 au 85. Hata ukichochea moto vipi, sufuria iliyofunikwa kwa kifuniko cha kawaida haizidi hapo. Kwa hiyo maharage makavu hayaivi huko, na mchele huchukua muda mrefu na mafuta mengi. Na mafuta nayo ni mzigo.

Katika hali ile ndipo yule mpagazi alipokuja mlangoni. "Mzee, karibuni chakula. Na vijana nao waje." Wao walikuwa wamekwisha pika zamani: ugali wa sembe, na dagaa waliokaangwa kwa kitunguu na nyanya. Unga hauhitaji moto mkali, na dagaa amekwisha kauka na jua. Tukanawa, tukasema Bismillahi, tukala katika sufuria moja na watu ambao chakula chetu chote walikipandisha wao. Wallahi sijapata kula ugali mtamu kama ule, wala sijapata kumeza tonge kwa haya kama siku ile.

Nikamwuliza, "Bwana, zile nazi kwa nini hukuzikataa?"

Akasema, "Ningekataa, Mzee, safari nyingine ungemchukua mwingine. Na mimi watoto wanasoma."

Usiku ule usingizi haukunijia. Suratul Mutaffifin nimeisoma tangu chuoni, nikidhani wanaoonywa mle ni wauza sukari na wapima nguo. Kumbe na mimi nilikuwa nimepunja mizani, na kilichopunjwa ni shingo ya mtu. Bwana Mtume (S.A.W.), katika Hadithi aliyoipokea Abu Dharr (R.A.), ametuamrisha kuwa walio chini ya mikono yetu tuwalishe tunachokula, tusiwakalifishe wasiloliweza, na tukiwakalifisha basi tuwasaidie. Mambo matatu, na mimi hata moja sikulitimiza! Na sisi watu wa pwani jambo hili linatuhusu khasa, maana misafara yetu ilikwenda Uchagani tangu zamani. Bwana Kheri ndiye aliyemwongoza Rebmann mwaka 1848, alipouona mlima huu na theluji yake. Tumezoea siku nyingi kuwa na vichwa vya watu vya kutuchukulia mizigo.

Asubuhi nikamtaka radhi mbele ya wenzake. Mchele na samli tukawapa, na mfuko wa nazi nikaushuka nao mwenyewe mgongoni mpaka langoni. Nilipofika chini nilikuwa nimekwisha zijua kilo tano ni kitu gani.

Tangu hapo wakija vijana kuniuliza juu ya chakula cha mlimani, huwaambia hivi. Usichukue kitu kilicho na maji ndani yake, kama viazi, nazi na ndizi mbichi. Chukua kikavu, maji utayapata njiani. (Lakini Kibo hapana maji, hupandishwa kutoka chini, basi huko hata maji ni jasho la mtu.) Kazi ya moto imalize nyumbani. Unga wa ulezi ukaange kidogo, uuchanganye na karanga zilizosagwa na sukari. Huo ni uji wa asubuhi. Tambi zikaange kwa samli mpaka ziwe nyekundu, utie iliki, uzifunge. Mlimani ni kutia maji na sukari tu. Dagaa wachambue, uwakaange wakauke kwa chumvi na pilipili. Njiani ni tende na kashata. Jioni ni chai ya tangawizi, maana huko juu hamu ya chakula hupotea, na kilicho moto na chepesi ndicho kinachopita.

Nimevipima. Kwa mtu mmoja kwa siku moja: unga wa ulezi gramu 100, tambi 150, sembe 250, dagaa 50, tende 100, karanga 100, sukari 80. Jumla ni gramu 830, haifiki kilo. Kisha uhesabu na fungu la mpagazi katika chakula hicho hicho, wala usimwache ajitafutie chake.

Ndugu zangu, mizigo yetu mingi huchukuliwa na wengine: mtumishi jikoni, hamali bandarini, mke nyumbani aliye mgonjwa na hasemi. Mizani ya lango la Marangu niliweza kuihadaa kwa hatua chache za msituni. Mizani ya Siku ya Kiyama haina msitu wa kujifichia.

Mwenyezi Mungu atupe masurufu yaliyo mepesi kwa wenzetu na mazito katika mizani yetu. Amin.